Kutoka Walikale mpaka Goma, kutafuta makaratasi ya afya ya mtoto

Katika mkutano wetu uliopita mama mmoja aliuliza: kijana wangu anataka kwenda akademia ya jeshi, wanamwomba aeleze magonjwa yote aliyougua tangu utoto, mimi nitaitoa wapi historia hiyo? Wengine walicheka, wakasema historia ya afya ya mtoto wa kwetu iko ndani ya kichwa cha mama yake. Mimi sikucheka. Nilikwisha kuifuata historia hiyo kwa pikipiki, siku tano, kutoka Walikale mpaka Goma, kwa ajili ya kijana wangu wa kwanza. Ndiyo sababu wenzangu wameniomba niandike juma hili.

Ilikuwa Novemba 2022. Mtakumbuka siku zile. Tarehe 3 ya mwezi huo Rais Félix Tshisekedi alisema kwenye televisheni kwamba vijana waende kujiandikisha katika jeshi, sababu ya vita vya M23. Huko Goma vijana walijaa barabarani. Habari ikafika Walikale kwa redio na kwa simu, na jioni moja kijana wangu akarudi nyumbani, akaketi karibu na jiko, akasema: "Mama, nami nitaenda."

Alikuwa na miaka 18 na diploma yake ya Leta mkononi. Baba yake alikuwa Bisie kwenye kasiterite, hakuwapo. Nilinyamaza mpaka sombe ikaiva. Halafu nikamwambia: "Mwanangu, siwezi kukufunga kamba. Lakini kama ni jeshi, uingie kwa mlango wenye mitihani. Kuna akademia ya Kananga, wanakofundisha maofisa. Pale wanataka diploma, na wanataka mwili mzima." Alikubali. Mimi, nawaambia ukweli, nilikuwa natafuta namna ya kuchelewesha siku.

Usiku ule tukafungua mfuko wa plastiki wa makaratasi yetu. Ndani yake tulikuta kadi ya kilo yenye kuliwa na panya upande mmoja, fishi moja ya shule ya msingi, na diploma. Kwenye ile fishi ya shule, pale wanapoandika magonjwa ya mtoto, kulikuwa na neno moja: epilepsi. Yaani kifafa.

Kijana aliniangalia. "Mama, mimi niliugua kifafa?"

Sikuweza kumjibu. Nilijua kwamba mwaka 2007, alipokuwa na miaka 3, tulikuwa tumekimbia Nyabiondo sababu ya vita, na usiku mmoja mwili wake ulishupaa, macho yakapinduka, mate yakatoka. Tulimbeba mpaka Masisi. Akapona. Lakini ugonjwa ule uliitwa nani, hakuna aliyenieleza, au walinieleza na mimi kwa hofu sikusikia.

Shemeji yangu akasema: "Chana karatasi hiyo, nani atajua?" Maneno yake yalikuwa matamu. Lakini nikawaza: kama ni kifafa kweli, mtoto ataanguka siku moja akiwa na bunduki mkononi, au akivuka mto, na wenzake watakufa pamoja naye. Na kama si kifafa, basi neno la uongo litamfuata mpaka uzee. Kwa njia zote mbili, ilinipasa kujua. Nikauza madumu mawili ya mafuta ya mawese, nikatafuta motari wawili, tukaondoka.

Kwa wale wasioijua njia hiyo: Walikale-kati iko chini, ndani ya msitu, kando ya mto Lowa. Joto lake ni la kubana, na mvua ya Novemba haiombi ruhusa. Teritware yetu ndiyo kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, lakini njia ya gari ni kama uzi. Tulipita upande wa Kibua. Penye matope mengi tulishuka na kusukuma, penye mto usio na daraja zuri vijana walibeba pikipiki kwa miti. Penye barieri tulilipa, tukapewa kikaratasi, mbele kidogo tukalipa tena. Kijana alikuwa amevaa suruali yake nzuri, na nilipoona ilivyochafuka nilifurahi kidogo moyoni. Nilidhani atachoka na kurudi. Hakurudi.

Tulilala Kashebere. Kesho yake njia ikaanza kupanda, msitu ukafunguka, na baridi ikaanza kuingia kwenye kitenge. Mtu akitoka Walikale kwenda Masisi, ni pua inayojua kwanza kwamba amefika: harufu ya majani yenye kuoza inaisha, inakuja harufu ya ng'ombe na ya moshi wa makala. Tukaingia Nyabiondo mchana.

Kijana huyu alizaliwa hapo, mwaka 2004. Kituo cha afya alikozaliwa hakikuwa na daftari la mwaka ule. Muganga kijana tuliyemkuta alinionyesha kabati: daftari la zamani kuliko yote lilikuwa la juzi tu. Mengine yaliishia kwenye vita, kwenye mvua, na mengine watu walifungia karanga. Sikumlaumu, yeye mwenyewe alikuwa mtoto wakati ule. Lakini aliniambia kwamba mama mzalishaji wa zamani bado yuko, kule juu karibu na shamba la maharagi.

Tulimkuta anachambua maharagi. Nilimsalimu, nikataja jina la mume wangu. Akamwangalia kijana toka miguu mpaka kichwa, akasema: "Huyu alitoka miguu mbele. Tulihangaika naye tangu asubuhi mpaka taa zikawashwa. Hakulia upesi." Kisha akaniuliza mimi: "Alitembea lini?" Nikamwambia alitembea kwa mwaka mmoja na mwezi. "Alisema lini?" Nikamwambia hata leo hanyamazi. Akacheka. "Basi ubongo haukuumia. Andika hivyo."

Ndipo nilipofungua daftari ya shule niliyoinunua Kibua kwa franka chache, nikaanza kuandika. Ukurasa wa kwanza: mwaka aliozaliwa, mahali, miguu mbele, alilia kwa kuchelewa, mzalishaji fulani ni shahidi. Mama yule aliweka sahihi yake. Nami sikuwa nimewahi kufikiri kwamba namna mtoto alivyozaliwa ni sehemu ya jibu la kifafa.

Usiku tulilala kwa mdogo wangu. Hapa nataka mnisikilize vizuri, sababu jambo hili linatugusa sote. Mdogo wangu ana kijana aliyezaliwa 2006, kwa hiyo wakati ule alikuwa na miaka 16. Watu walipolala, akaniletea kadi ya chanjo ya mtoto wake, na kalamu. "Dada, wewe unaandika vizuri. Hii 6 igeuze iwe 4. Aende pamoja na wa kwako."

Nilimwuliza kwa nini. Akasema: "Wa msituni wamekwisha kupita mara mbili wakiuliza nani ana kijana. Afadhali jeshi la Leta lenye mshahara kuliko wao."

Wamama, sikuwa na jibu la haraka. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Lakini wengi wetu tuliona kadogo wa mwaka 1996 na 1997, watoto wenye bunduki ndefu kuliko wao, na tunajua ni wangapi waliorudi kwa mama zao. Kwa sababu hiyo sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, ya kulinda watoto, inakataza kumwingiza mtu asiyefikisha miaka 18 katika jeshi la taifa, katika polisi, na katika kikundi chochote chenye silaha. Mwaka 2012 serikali ikatia sahihi tena na Umoja wa Mataifa mpango wa kumaliza jambo hilo. Karatasi haisimamishi risasi, najua. Lakini siku mtoto akikamatwa na kikundi, halafu akatoka, au akikutwa katika jeshi, kitu kinachosema kwamba yeye ni mtoto ni ile tarehe. Ukiigeuza 6 iwe 4, umemvua mtoto wako ngao kwa mkono wako mwenyewe.

Nilimwambia mdogo wangu hivyo. Alilia. Kadi tukaifunga tena ndani ya plastiki yake, na asubuhi tulipoondoka mtoto wake tuliondoka naye. Tulimwacha Masisi kwa shangazi yake, akaendelea na shule. Ndilo jambo tuliloweza siku ile.

Masisi-kati iko ndani ya milima. Siwezi kuwaeleza ninyi mnaokaa pale, lakini mimi niliyetoka msituni niliona macho yangu yakipumzika. Malisho ya kijani mpaka juu kabisa, viazi, maharagi, na fromaji za mviringo zimepangwa mezani kando ya njia. Tulinunua moja, tukaila na mkate tukiwa tumeketi juu ya jiwe mbele ya hospitali. Kijana akasema utotoni wake wote ladha aliyoikumbuka ni hiyo.

Hospitali kuu ya Masisi ilikuwa ikisaidiwa na Waganga Wasio na Mipaka tangu mwaka 2007, mwaka uleule tuliombeba mtoto huyu usiku. Nilieleza shida yangu kwa muganga mmoja mzee. Aliniuliza mambo matatu: mwaka gani, mwezi gani, na jina la mtoto liliandikwaje siku ile. La mwisho ndilo lililotusaidia. Siku ile tulipofika, aliyetoa jina ni mama mkwe wangu, na yeye alitoa jina la babu. Tungetafuta jina la shule tusingepata kitu. Alitafuta kwenye madaftari ya zamani siku ile mpaka jioni, na kesho yake asubuhi akatuita.

Mstari mmoja tu, kwa wino wa bluu uliofifia: mtoto wa kiume, miaka 3, homa 40, mishtuko, malaria ya ubongo, aliongezewa damu, siku saba, alitoka akiwa mzima.

Daktari akatueleza kwa subira. Malaria kali inaweza kupanda kichwani na kumshtua mtoto mdogo mwili mzima. Hiyo si kifafa. Kifafa ni mishtuko inayorudi tena na tena bila homa. Alimwuliza kijana, na mimi pembeni: tangu siku ile ilirudi? Alizimia shuleni? Alijing'ata ulimi usingizini? Alijikojolea akiwa mkubwa? Kuna mtu wa ukoo mwenye kifafa? Yote tukajibu hapana. Akachukua ile fishi ya shule, akaitazama, akauliza iliandikwa wapi. Nikakumbuka: tulipokuwa tumehama, muganga wa kituo kimoja aliandika "epilepsi" pamoja na alama ya kuuliza, na shuleni waliponakili waliiacha alama ya kuuliza. Kwa alama moja ndogo iliyosahauliwa, mtoto alibeba ugonjwa usio wake miaka zaidi ya kumi.

Daktari akaandika barua: ugonjwa ulikuwa nini, mwaka gani, ulitibiwaje, na kwamba mishtuko haikurudi tena. Aliweka muhuri. Halafu akasema neno ambalo nimelishika mpaka leo: "Mama, usifiche hili. Likifichwa na kugunduliwa baadaye, watadhani ni kubwa kuliko lilivyo. Likielezwa na karatasi yake, ni malaria tu."

Kutoka Masisi mpaka Goma ni karibu kilomita 80. Tulishuka mpaka Sake, pale ziwa linapoonekana na mawe meusi ya volkano yanapoanza. Huko Goma kijana alipimwa: kilo, urefu, presha, moyo, mapafu, damu, mkojo. Daftari yangu ilifunguliwa. Aliyempima alisoma barua ya Masisi, akauliza maswali yaleyale, akatikisa kichwa kukubali, akageuza ukurasa. Dakika mbili, na safari yote ile ikawa imelipwa.

Halafu wakamwambia asome herufi ukutani, akifunika jicho moja. Jicho la kulia alisoma mstari wa juu tu. La kushoto, hata huo haukusoma vizuri.

Hapo ndipo ilipoishia habari ya Kananga. Mtoto aliketi benchi la mbele miaka yote ya shule, mimi nikajisifu kwamba anapenda masomo. Vituo vyote tulivyopita toka utoto wake vilimpima kilo, havikumpima macho hata mara moja, na mimi sikuomba. Aliumia sana, siku mbili hakula vizuri. Mimi nililala usingizi mzuri, nikaona haya kwa kulala vizuri. Leo amevaa miwani na anafundisha darasa la tano. Siku ya kwanza ya mwaka wa shule huwapanga wanafunzi wake nyuma kabisa ya darasa, mmoja mmoja, wasome ubao.

Sasa, mama uliyeuliza katika mkutano, na wengine wenye vijana na mabinti wanaokaribia umri huo, haya ndiyo niliyojifunza.

Anza leo, usingoje tangazo litoke. Nunua daftari moja kwa kila mtoto. Andika alizaliwa lini, wapi, na namna gani. Kama hajaandikishwa kwa ofisi ya Leta, fuata jambo hilo mapema, sababu hukumu ya tribunali ya kupata cheti inachukua muda. Tarehe ya daftari, ya kadi ya chanjo, ya cheti na ya diploma ziwe moja, na ziwe za kweli.

Andika chanjo alizopata. Kama kadi imepotea, angalia kovu la BCG mkononi, na andika unachokumbuka, mfano ile ya surua ya miezi 9.

Andika kila mara aliyolala hospitali: mwaka, mahali, jina la ugonjwa, na jina alilosajiliwa nalo siku ile. Andika kama aliongezewa damu, kama alipasuliwa, kama alivunjika mfupa, kama kuna kipande cha risasi au cha bomu mwilini. Andika pia yale ya nyumbani: kukatwa kilimi, kuchanjwa chale kifuani, dawa ya miti iliyomdhuru. Dawa ya hospitali iliyomtoa vipele au kumvimbisha uso iandikwe kwa herufi kubwa.

Kama alitibiwa kifua kikuu, tafuta karatasi inayoonyesha alimaliza miezi yote ya dawa. Kikohozi kilichopona na chenye karatasi si sawa na kovu la mapafu lisilo na maelezo. Kama ana pumu, sema. Kama kuna mtoto wa ukoo aliyekufa kwa upungufu wa damu au mwenye kuumwa mifupa kila mara, omba kipimo cha sikoseli. Mwenye SS ana ugonjwa, na mazoezi makali ni hatari kwake. Mwenye AS si mgonjwa, lakini ni vizuri ajijue na waganga wajue.

Pima vya leo pia: macho, masikio, meno. Msifanye kosa langu.

Kwa mabinti, neno moja. Kuna mambo yaliyowapata mabinti zetu katika vita hivi ambayo hayafai kuandikwa kwenye daftari inayopita mikononi mwa watu. Hayo ni ya binti mwenyewe. Atayaeleza kwa muganga anayemwamini, ndani ya chumba kilichofungwa, akitaka. Mama usimsemee, wala usimlazimishe.

Na makaratasi yakaeni mahali pawili. Piga picha kwa simu, mpe ndugu anayekaa mji mwingine. Tunajua tunavyokimbia: mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na mfuko wa makaratasi unabaki chini ya kitanda.

Mdogo wangu wa Nyabiondo aliniletea daftari yake mwaka uliofuata nisome kama ameandika vizuri. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na tarehe ya mtoto wake, kwa wino mwekundu, na chini yake mstari mara mbili. Ile 6 ilikuwa bado 6.